Hatulali

Kwenye simu sauti iliuliza, tamu kama asali ya dukani:
"Mtalala usiku mmoja au miwili?"
Nikajibu: hatulali.
Tunakula tu, mchana, watu wawili,
karibu na dirisha kama nafasi ipo.

Sikumwambia kwamba neno hilo
nilikuwa nimelisema wiki sita mfululizo,
Leeds, ghorofa ya nne, kiti cha plastiki kikinifinya mbavu,
na mashine ikimhesabia Mhina pumzi zake
kama mwenye duka asiyemwamini mteja.

Basi tukapanda treni hadi Harrogate,
yeye na koti alilokuwa akilivaa,
siku hizi linamvaa yeye.
Februari. Barafu nyembamba pembezoni mwa bustani.
Mlango wa hoteli unazunguka: Mhina akaingia,
ukamzungusha, ukamtema nje tena,
akacheka
(nilikuwa nimekisahau kicheko hicho, kina kikohozi mwishoni)
kisha akaingia mara ya pili
kama mtu aliyebadili mawazo.

Ndani, zulia linameza nyayo.
Uma tatu kushoto, visu vitatu kulia,
vitambaa vimetiwa wanga mpaka vinasimama vyenyewe.
Mhina alikigusa chake kwa kidole kimoja, akakiacha.
"Shuka zao," akasema, "zilikuwa hivi hivi."
Nikakikunjua mimi, nikamtandazia magotini,
si kama muuguzi.
Nilijitahidi, si kama muuguzi.

Sahani pana kama ungo,
na katikati samaki wa kumtosha paka mmoja,
kazungukwa na matone matatu ya kijani.
"Huyu ndio anaanza," Mhina akaninong'oneza, "au ndio amekwisha?"
Lakini alikuwa mtamu, nisiseme uongo,
alilainika kabla ya kukutana na meno.
Mhina akamla wote, hata ngozi,
mtu ambaye Januari nilimbembeleza kwa vijiko viwili vya uji
akageukia ukuta.
Nikawa nakula polepole
nipate kumtazama.

Kijana wa mezani, Declan, jina lipo kifuani,
akaja na kijitabu. "Na chumba ni namba ngapi?"
Mhina hakufikiri. "Kumi na saba," akasema,
"kitanda cha dirishani."

Declan akapekua, akakunja uso kwa adabu.
Kumi na saba yupo bibi mmoja na mbwa wake.
Mkono wa Mhina ukabaki hewani na kijiko,
nikauona ukuta ule ukimrudia machoni.
Nikawahi: hatulali, mwanangu. Sisi ni wa kula tu.

"Mnakosa," akasema Declan, "kifungua kinywa chetu kinasifiwa sana."
Mhina akatua kijiko taratibu.
"Kijana, kesho asubuhi
nina mkate wangu wa kuunguza mwenyewe."

Bili ililetwa ndani ya ngozi, imefichwa kama hirizi.
Kwetu mgeni hupewa jembe siku ya tatu;
hawa hawakungoja hata saa ya tatu.
Nikalipa. Pesa ya viatu vyangu
na ya gesi ya nusu mwezi.
Sijuti. Labda kidogo tu, kwa yale matone ya kijani.

Nje, saa kumi na moja, giza lilikwisha kushuka.
Madirisha ya juu yakawa yanawashwa moja moja,
vyumba vya watu,
vitanda vilivyokazwa pembe na mikono ya watu.
Hakugeuka kuvitazama.

Sasa ni usiku. Hita inagonga bomba lake ukutani.
Godoro letu lina bonde upande wa Mhina;
wiki zote zile nilitandika juu yake bila kulibonyeza.
Ameingia bondeni, limemkubali.
Mashine haipo, kwa hiyo zamu ni yangu:
nahesabu, napoteza hesabu, naanza upya.

Gizani ananiuliza,
"Mbona hulali?"

Nalala, nasema.
Nalala sasa hivi.