Tumbo Halisomi Lebo

Nyemo anauliza tena, shati kalipandisha:
kwa nini nisimeze tu, kama vidonge vya malaria?

Insulini, mwanangu, ni shanga zilizotungwa kwa mpango.
Kata uzi, umebaki na punje zisizojua kazi.
Na tumbo lako ni kinu.
Halisomi lebo.
Uwele, kunde, dawa niliyoifuata Mvumi
kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye meno,
kwake vyote ni vya kutwanga.

Ndiyo maana tunapitia mlango wa uani.
Naitoa chupa kwenye mtungi wa mchanga mbichi,
nahesabu vistari: nane.
Unafumba macho. Mlenda unapoa.

Haya, sasa kula.

Juzi, ulipolala, nilijichoma sindano tupu, nijue.
Sikukwambia.
Inauma.