Kope

Ushangi amemleta ndani ya gunia la pumba,
dhiraa mbili kasoro, rangi ya shaba iliyochakaa,
kichwa kimepondwa upande kwa jembe la mizabibu.
"Nyoka," asema, akimbwaga juu ya meza yangu
kwa fahari ya mtu aliyeokoa wajukuu.

Napangusa udongo. Kidole chasita.
Sogea, mzee. Nyoka hana kope za kufumba,
hulala macho wazi kama mlinzi mwenye madeni.
Huyu, tazama: nalifumba jicho lililosalia,
nalifumbua,
nalifumba.
Nyuma ya taya, tundu la sikio, sindano ingepita.
Ubavuni, mkunjo mrefu kama mshono wa suruali.
Na huku chini, vaa miwani yako,
vijiti viwili visivyofika punje ya mchele:
miguu.
Imeanza kuaga, haijamaliza.

"Kumbe mjusi," asema, na sauti yamshuka.
Mjusi. Waliomwogopa ni konokono.

Alitaka niishie hapo. Lakini mimi ni mtu wa makabati.
Marehemu Mzevinar, aliyekikalia kiti hiki kabla yangu,
alipanga mijusi kushoto, nyoka kulia,
katikati akaacha dirisha.
Siku hizi wameisoma damu yenyewe, herufi kwa herufi,
wakasema huyu wa Ushangi
yuko karibu zaidi na fira
kuliko na mjusi kafiri wa ukutani.
Nyoka wote ni tawi moja
lililochipuka ndani ya mti wa mijusi,
likaitupa miguu, likageuza kope kuwa kioo.
Twasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Haya.
Nani aliyeuliza nyoka mwenyewe ni mtoto wa nani?

Majira mawili ya baridi nimehamisha chupa,
spiriti ikinichoma pua,
na dirisha bado liko palepale.

Najaza lebo kwa wino usiofutika:
Bonde la Alazani. Shamba la mizabibu. Mei.
Aliyekusanya:
Ushangi ananishika mkono.
"Andika aliokotwa."

Kalamu yangu yangoja. Naye yuko mlangoni, kofia mkononi.
"Wamebaki wawili kwenye ukuta wa mawe.
Nitawaambia watoto..."
Hakusema atawaambia nini.

Chupa nimeiweka dirishani.