Saa ya Viazi

Ninazo sita, kwenye kopo la majani ya chai,
chini kipande cha kitenge zisikwaruzane.

Ya dhahabu bandia ni ya harusi.
Kwa Lusajo iliniachia kijani mkononi;
kwenye picha zote mkono uko mfukoni.
Ya mkanda wa ngozi haipendi mvua,
na mvua ya Uyole haipigi hodi.
Ya baba ilisimama saa nne kasorobo,
usiku au asubuhi,
hakuna aliyebaki wa kuniambia.

Basi alfajiri, vidole vimekufa ganzi,
mkono unaikuta hii:
kioo kina mkwaruzo wa jembe,
mkanda wa nailoni, buku tatu, Mwanjelwa.
Imechimba viazi. Imepanga foleni benki.
Jumapili naifuta kwa mate, inaingia kanisani.

Kule Rufaa ilihesabu pumzi za Tusekile,
halafu ikaendelea.

Siku mbili sikuivaa.
Ya tatu lori la viazi lilikuwa linakuja saa moja.

Mshale uligusa saba, nami nikasoma moja,
kama kawaida yetu,
nikashusha mkono wa sweta.