Uliwahi Kuugua?

Ghorofa ya tatu, hosteli ya wageni, kilimani Bugando,
alianza Anfane wa Moroni:
kipele kimoja shingoni, akamsingizia mbu.
Jumapili havikuhesabika, na Chimwemwe wa Zomba
alikuwa hawezi hata kuguswa na shuka.

Tetekuwanga! Tukacheka.
Ugonjwa wa chekechea kuwashika watu wenye ndevu,
watu waliofanya mtihani juu yake muhula uliopita.
Alhamisi Anfane akahema kama sato kwenye beseni la Kirumba,
kicheko kikatukauka.

Muuguzi akaja na daftari, hakuvuka kizingiti.
Anatafuta wa kuingia na uji.
"Wewe, Butoyi. Uliwahi kuugua utotoni?"

Nikampigia mama.
Nyuma yake kuku, na redio inayokwaruza.
"Mmoja wenu aliugua," akasema. "Mwaka ule wa kukimbia.
Nilimbeba mpaka Kasulu, maji ya vipele
yakinigandisha kitenge mgongoni.
Mwingine alitembea.
Ulikuwa usiku, baba. Na mlifanana kama punje mbili.
Ni wewe. Au ni Bukuru."

Bukuru hayupo wa kuulizwa.

"Jikague," akasema. "Kovu halihami."
Nikavua shati bafuni, mbele ya kioo chenye ufa,
nikajigeuza kama mbuzi wa mnadani:
kovu la chanjo, kovu la jembe,
na kashimo juu ya nyusi ya kushoto,
kadogo, kama alama ya punje ya mtama kwenye udongo.
Huenda ni kipele. Huenda ni jiwe la kambini.

"Andika ndiyo," nikamwambia muuguzi.

Sasa nabeba uji. Nachemsha muarobaini.
Nampaka Chimwemwe dawa nyeupe mgongoni, tone kwa tone,
naye anasaga meno akitazama dirishani
ziwa, na yale mawe yaliyobebana bila kuchoka.
"Usijikune," namwambia.
"Jikune wewe kwa niaba yangu," anasema.

Siku kumi na nne hadi ishirini na moja, kitabu kinasema.
Leo ni ya kumi na saba.
Vikitoka, aliyebebwa ni Bukuru.
Visipotoka, ni mimi niliyelala mgongoni,
na yeye ndiye aliyekanyaga umande ule wote.
Sijui niombe lipi.

Kila jioni mama hupiga.
Haulizi homa, haulizi masomo.
"Vimetoka?"
Na siku hizi, nyuma yake,
redio imezimwa.