Waya wa Kurudi

Pijo ya Nyamizi ina tabia yake:
ukikanyaga breki, taa ya ndani inawaka
kama mtu aliyeitwa jina usingizini.
Ukiwasha indiketa ya kulia, geji ya mafuta inacheza,
na honi, siku ikijisikia, inaguna yenyewe
mbele ya trafiki pale Mabatini.

"Imepita kwa mafundi wanne," anasema.
"Mmoja kaniambia ina shetani.
Mwingine kaniuzia betri."

Naiingiza gereji, tupu. Nakanyaga breki.
Adabu tele. Taa za nyuma nyekundu, zote mbili,
kama watoto waliofundishwa kuamkia wageni.
Fyuzi nzima. Alteneta inachaji.
Nachomoa, narudishia, nanusa kama kuna plastiki iliyoungua,
mpaka adhuhuri inatukuta na chai imepoa.

"Huharibika saa ngapi?"
"Nikishapakia."
"Ungesema tangu asubuhi."
"Hukuuliza."

Basi tukapanda mlimani nyuma ya gereji,
mimi na kijana wangu Bugumba,
kwa akina mama wanaogonga kokoto.
Mwanza hukosi mzigo, jiji zima limekalia mawe.
Tukaazima ndoo thelathini kwa ahadi ya kuzirudisha.
Pijo ikalalia springi zake, ikashusha makalio.
Nikakanyaga.
Taa ya ndani ikafumbua jicho.

Nikalala chini, mgongo kwenye boksi.
Waya za gari kuukuu husomwa kama mwandiko.
Huyu alikuwa na haraka, kasokota, kafunga nailoni.
Huyu hakuwa na waya, katumia wa spika.
Tochi mdomoni, testa mkononi,
naufuata ule mweusi, wa ethi,
maana umeme si wa kwenda tu, umeme una kwao.
Ukiuzibia njia ya kurudi
utapita uani kwa jirani,
utawasha taa isiyo yake ukipapasa mlango.

Mweusi ukapita juu ya tairi la akiba,
ukaishia kwenye bolti moja ya bodi,
imeota ukungu wa kijani.
Nikakwangua kwa ukucha. Nikaonja.

Chumvi.

Ziwa letu halina chumvi.
Nimelinywa kwa viganja tangu utoto, kule Igombe.
Nikabaki chini ya gari nikijiuliza
bahari imefikaje huku,
mpaka mawe yakakamua mbao za bodi
na tone likaniangukia shavuni, likinuka.
Kayabo. Sangara waliopasuliwa, wakalazwa ndani ya chumvi,
safari ya kwenda Kongo,
kila Jumanne, kila Ijumaa, wakichuruzika.

Ningeishia hapo ningelala vizuri.
Lakini chini ya kutu palikuwa na fundo:
mizunguko mitatu kwa kushoto, mkia umekunjwa ndani.
Mzee Lushinge alilifundisha kwa kupiga vidole vya mtu na bisibisi,
na alimfundisha mtu mmoja tu.
Yeye mwenyewe asingefunga ethi juu ya rangi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Pijo ilikuwa ya mumewe, ikibeba saruji.
Ilikuwa saa nane, nina njaa,
na kukwangua rangi ni kazi ya nusu saa.

Nikaikwangua sasa. Msasa, mpaka chuma kikatoa weupe wake.
Waya mpya hadi kwenye chasisi, bolti mpya, grisi juu.
Nikakanyaga. Taa ya ndani ikaendelea kulala.

"Ilikuwa nini?" Nyamizi kainama, kashika magoti.
"Chumvi," nikasema.

Akahesabu noti zenye harufu ya samaki.
Nikamrudishia nusu.
"Ya nini hii?"

Bugumba alishaanza kushusha mawe.
Nikachukua ndoo mbili, zilizojaa kuliko zote,
nikashika njia ya mlimani.