Umeme wa Kwanza

Nguzo ziliishia kwenye zahanati.
Kutoka pale hadi kwangu ni majaruba manne ya mpunga uliokauka,
korongo moja, na ahadi za miaka mitatu.
Kwa hiyo nasema bila haya:
hapa Chipanga, umeme wa kwanza kufika nyumbani kwangu
uliingilia mgongoni mwa punda.

Jina lake Mkopo. Nilimnunua kwa fedha za kikundi,
na marejesho yalikuwa bado miezi saba
siku alipoteleza korongoni na madumu manne,
akaketi kama mbwa, asiinuke.
Miguu ya mbele ilikuwa bado yake.
Ya nyuma ilikuwa ya mtu mwingine.

Shemeji yangu Ndahani akapasha nondo motoni.
"Tumchome kiuno. Ndivyo tufanyavyo siku zote."
Na kijana wa pikipiki, yule wa ngozi,
akazunguka mara mbili bila kuzima injini,
akataja bei, akaipandisha kidogo,
jicho lake likipima kutoka shingo hadi mkia
kama fundi cherehani.

Mimi nilikuwa nafukuza nzi.

Akaja Yusta Chilewa, daktari wa mifugo,
raba zake zimeshiba vumbi,
mkobani sindano nyembamba kuliko unywele wa mkia
na kisanduku chenye betri mbili nene, kama za redio.
"Sindano hizi hazina dawa," alisema.
Nikamtazama. Sindano bila dawa,
si ni chungu bila mboga?

Alipapasa uti wa mgongo kwa kidole gumba,
pingili kwa pingili, kama mtu anayehesabu deni,
akatua pale ngozi ilipotetemeka, akachoma.
Akasogea vidole viwili, akachoma.
Sindano kumi na mbili. Damu, hakuna.
Kisha akabana nyaya, akazungusha kitufe polepole
akimtazama punda, si kisanduku.

Tik. Tik. Tik.
Nyama ya paja ikaanza kurukaruka
kama kifuniko cha sufuria ya mlenda.
Watoto wakacheka. Ndahani akashusha nondo,
ikapoa mchangani, hakuna aliyeiuliza.

Mkopo akapiga mwayo.
Mdomo wa chini ukaning'inia,
masikio yakaenda kila moja na njia yake.
Sijawahi kumwona punda amepumzika hivyo.
Sijawahi, nikakumbuka kwa aibu, kumpumzisha.

"Atasimama?"
"Sijui," akasema daktari,
nami nikampenda kwa neno hilo.
Wengine wote waliokuja walikuwa wanajua.

Alirudi Jumatano. Alirudi Jumamosi.
Mara ya nne betri zikaisha, nikatoa za redio yangu;
taarifa ya habari ya usiku ule ilinipita,
na sijaambiwa kama dunia iligeuka.
Mara ya sita ukwato wa kushoto ulikwaruza vumbi,
mstari mfupi,
kama mtoto anayejifunza kuandika moja.
Nilikataza watu wasiukanyage.
Upepo ndio uliufuta, alasiri.

Sasa anatembea. Nyuma anapepesuka kidogo,
kama mtu atokaye kilabuni na anayejali heshima yake.
Kijana wa ngozi bado hupunguza mwendo akipita.
Marejesho bado miezi minne.
Mkopo anabeba madumu mawili, hayo tu, kwa amri.
Mawili mengine ni yangu,
na jioni kiuno changu nacho kina maneno.

Nilimwambia daktari. Akacheka,
akasema yeye ni wa wanyama.
Kisha akanyamaza, akaja nyuma yangu,
akabonyeza kwa kidole gumba,
pingili kwa pingili.
"Hapa?"

Shuka kidogo.
Hapo.