Mfua Viungo

Mama akipiga simu bado huuliza
kazi yenyewe ni ipi hasa.
Nikimwambia naunda viungo
yeye husikia bizari, iliki, mdalasini.
Amewatangazia wenzake wa chama
kwamba mwanawe anauza masala ya pilau Nairobi,
nami sijamsahihisha. Nitaanzia wapi?

Nimwambie kwamba saa nane za usiku, Zimmerman, orofa ya tano,
mbwa wa ploti wakibishana na mlinzi,
mimi ni daktari wa meno mstaafu wa Toronto
anayesifu magodoro?
Kabla ya adhana nitakuwa mama wa watoto watatu
anayeyajua mabomba ya maji ya Leeds,
mji nisiouona hata pichani.
Nachimba shimo dogo katikati ya aya,
nafukia humo neno la buluu lenye mstari chini,
nasawazisha udongo, mpita njia asishtuke.
Viungo arobaini, dola kumi na mbili.
Onsongo hukata tatu; mteja ni wake.

Kibaya chajitembeza, walitufunza shuleni.
Hawakusema kwamba huajiri miguu.

"Mtambo wa kutafuta hauna macho,"
Onsongo hutuambia, "unahesabu vidole tu.
Anayenyooshewa vingi ndiye hukaa mbele."
Basi tukawa kiwanda cha vidole:
tovuti mia mbili, zote tumezifungua wenyewe,
zinasifiana kama walevi wa meza moja,
na mlangoni hajawahi kubisha mgeni.

Mwezi Machi mtambo ukabadili akili.
Tuliamka magodoro yako ukurasa wa tisa,
huko ambako hata mwizi haingii.
Onsongo akazima simu.
Kodi ikafika tarehe tano kwa miguu yake yenyewe,
haikuhitaji kiungo.

Nikaitoa cherehani ya marehemu shangazi niiuze.
Gurudumu limekwama. Mnunuzi akasema, kaitengeneze kwanza.
Kwa mazoea nikatafuta simuni:
wa kwanza kabisa, kampuni ya Mombasa Road,
nyota tano, sifa tele, namba haipatikani.
Nikausoma ule ukurasa polepole.
Niliujua mshono. Huenda ulikuwa wangu.

Nikashuka River Road na mzigo begani.
Muuza vifungo, pini zimembana mdomo,
hakusema neno: aliinua kidevu, kule.
Mwenye mkokoteni akasimama,
"Unamtafuta Nafuna?"
wala sikuwa nimeuliza.
Msichana wa zipu akaiacha meza yake wazi
akanipeleka hadi kwenye ngazi,
kisha akarudi mbio, bila kungoja asante.

Chini ya ngazi, nafasi ya mtu mmoja na nusu,
Nafuna, miwani imefungwa kwa uzi mweusi,
na watu sita mbele yangu,
mmoja ametoka Narok alfajiri.
Nikamuuliza, ugonjwa wa kazi, wateja wanakupataje?
Akapuliza vumbi kwenye bobini.
"Wakiharibikiwa."
Akanipa bisibisi nimshikie.

Onsongo amerudi hewani.
Mtambo, anasema, umepata upofu mpya,
bei imepanda senti kidogo.
Usiku wa leo mimi ni rubani aliyestaafu,
nina maoni mazito kuhusu bima ya paka.
Mama naye anataka kilo mbili za masala,
za harusi ya jirani, nimtumie kwa basi la Ijumaa.
Nitanunua Gikomba, nibandike karatasi yenye jina langu.

Lakini jana, nikivuka pale Latema,
kijana alisimama na cherehani kichwani,
jasho, macho yanaruka kutoka ubao hadi ubao.
Mikono yangu yote ilikuwa na mizigo.
Nikainua kidevu.
Akaenda.

Hicho kimoja, Onsongo hana asilimia.